MAONI YETU: Pampu ya kahawia iko wapi?

Tuanze na kijiko. Kijiko kimoja cha sirapu ya salbutamol, ile dawa ya maji ambayo mama hupewa akipeleka mtoto mwenye kifua kinachobana, kina miligramu 2 za dawa. Mbonyezo mmoja wa pampu ya bluu una mikrogramu 100 za dawa hiyohiyo. Piga hesabu: kijiko kimoja ni mibonyezo 20. Pamoja na wingi huo, mbonyezo ndio unaowahi. Unakwenda moja kwa moja kwenye njia za hewa na kuzilegeza ndani ya dakika chache. Kijiko kinapita kwanza tumboni, kwenye ini na kwenye damu, na kabla hakijafika mapafuni kimeshamtetemesha mtoto mikono na kumwendesha moyo mbio.

Kwa sababu hiyo miongozo ya kimataifa ya pumu haipendekezi tena salbutamol ya kunywa. Huku kwetu sirapu na vidonge vyake bado vinauzwa kila mtaa, na muuguzi anayeviandika mara nyingi si kwamba hajui. Anaandika kilichopo kwenye rafu.

Msimamo wetu ni huu: mtoto mwenye pumu katika nchi zetu anatibiwa usiku, akiwa amebanwa, wakati pumu ni ugonjwa wa kutibiwa mchana, mtoto akiwa anacheza. Dawa ya mchana ipo, ni ya zamani, inajulikana. Inayokosekana ni nia ya kuifikisha zahanati.

Pumu ni mambo mawili yanayotokea ndani ya kifua kwa pamoja. La kwanza, misuli iliyozunguka njia za hewa inajikaza, njia inakuwa nyembamba, na hapo ndipo husikika ule mluzi. La pili halisikiki. Kuta za njia hizo zimevimba kwa ndani na zinatoa makohozi mazito, na uvimbe huo unakuwepo hata siku ambazo mtoto anakimbia kama wenzake. Salbutamol inashughulika na misuli tu. Inailegeza kwa saa nne hadi sita, kisha basi. Uvimbe hauguswi. Mtoto anaamka vizuri, familia inashukuru Mungu, na wiki ijayo hadithi ni ileile.

Dawa ya uvimbe ni steroidi ya kuvuta: beclometasone, budesonide au fluticasone. Hii ndiyo pampu ya kahawia, kama wengi wanavyoiita, ingawa rangi si sheria na viwanda vinatofautiana, hivyo soma jina kila mara. Haimpi mtoto nafuu ya papo kwa papo. Anaivuta asubuhi na jioni, akiwa mzima, na baada ya siku kadhaa hadi wiki kadhaa uvimbe unatulia na usiku unakuwa wa kulala. Na hapo ndipo inapokosa soko. Mzazi aliyelipia dawa ambayo haikufanya kitu chochote kinachoonekana usiku ule ataona ametapeliwa, asipokaa mtu naye na kumweleza.

Wanaoandika miongozo ya dunia wamebadilika. Mwaka 2019 jopo la kimataifa la pumu, GINA, liliacha kupendekeza kwamba vijana na watu wazima watibiwe kwa pampu ya bluu peke yake. Kwa watoto wa miaka 6 hadi 11 mwongozo wake sasa unataka steroidi ya kuvuta iwepo kwenye tiba, ama kila siku kwa kiasi kidogo, ama kila mara mtoto anapotumia bluu. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya dawa muhimu, na tangu 2017 orodha hiyo ina pampu inayochanganya dawa mbili, budesonide na formoterol, moja ya uvimbe na nyingine ya misuli. Mwaka 2025 watafiti wa New Zealand walichapisha matokeo ya kuwapa pampu hiyo watoto wa miaka 5 hadi 15 waitumie pale tu wanapobanwa, wakawalinganisha na wenzao waliotumia salbutamol. Mashambulizi yalipungua kwa karibu nusu.

Kwa hiyo hoja ya kwamba sayansi bado inabishana haipo. Beclometasone ya kuvuta ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1972. Hataza yake ilikwisha zamani na viwanda vya India vinaitengeneza kwa wingi. Pampu yenyewe ni ya 1956, na inasimuliwa kwamba wazo lake lilitoka kwa mtoto: binti wa miaka 13 mwenye pumu, huko Marekani, alimuuliza baba yake, George Maison, aliyekuwa mkuu wa maabara za Riker, kwa nini dawa yake isikae kwenye kopo la kupuliza kama dawa ya nywele.

Sasa tutazame watoto wetu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu na 455,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Wengi wa waliokufa ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati chini. Pumu haijajaa huku kuliko Ulaya. Tofauti ni dawa. Utafiti mkubwa uliofanywa katika shule za mijini za nchi sita za Afrika, Uganda ikiwamo, uliwauliza zaidi ya wanafunzi 27,000. Asilimia 12 walikuwa na dalili za pumu. Katika hao, mmoja tu kati ya watano alikuwa amewahi kuambiwa na mhudumu wa afya kwamba ana pumu.

Wale wanne waliobaki wanaitwaje nyumbani? Wanaitwa wenye kifua. Wanaitwa wenye baridi. Wanapakwa mafuta ya kuchua, wananyweshwa tangawizi na asali, jambo ambalo halina ubaya. Lenye ubaya ni kisu. Katika sehemu nyingi za Tanzania mtoto anayekohoa usiku mwezi baada ya mwezi hupelekwa kukatwa kimeo. Anakatwa kwa zana ambazo hakuna aliyezichemsha, na wengine hufikishwa hospitali wakitokwa damu. Kikohozi hakiondoki, maana hakikuwa cha kimeo. Kikohozi kikavu kinachomwamsha mtoto saa tisa za usiku na kumrudia kila kipupwe, au kila anapokimbia na kucheka, ni cha kupimwa pumu.

Wengine wanaitwa wagonjwa wa nimonia. Hapa lawama si ya mzazi. Mwongozo wa IMCI wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF, ambao chati zake zimebandikwa kwenye kuta za zahanati zetu, unasema wazi: mtoto anayepumua haraka na kifua kinatoa mluzi apewe kwanza dawa ya kuvuta ya kupanua njia za hewa, hadi mara tatu, kwa kuachanisha dakika 15 hadi 20, kisha ahesabiwe pumzi upya kabla ya kuitwa mgonjwa wa nimonia. Huo ni mwongozo mzuri. Lakini muuguzi anayesimama chini ya chati hiyo bila pampu wala spesa, bomba la kuivutia, anafanya nini? Anampa amoksilini. Mtoto anapata nafuu kidogo, kwa kuwa mashambulizi mengi ya watoto yanaletwa na mafua, na mafua hupita yenyewe. Amoksilini inapewa sifa. Mwezi unaofuata anarudi na kupewa tena. Tunasema kila siku kwamba dawa za kuua bakteria zinatumika ovyo na usugu unaongezeka. Sehemu ya ovyo hilo ni pumu isiyokuwa na pampu.

Kuna hofu tatu juu ya pampu ambazo tunazisikia kila tunapoandika habari za ugonjwa huu.

Eti pampu inazoesha, ukianza huachi. Anayeona hivyo amegeuza mambo. Mtoto haachi pampu kwa sababu pumu haijaondoka, kama vile asiyeona mbali haachi miwani. Akitulia kwa miezi kadhaa, daktari hupunguza kipimo, na watoto wengine huachishwa kabisa.

Eti pampu ni hatua ya mwisho, ukiona mtu anayo ujue kazidiwa. Hii imezaliwa na mazoea yetu wenyewe. Tumeitoa pampu wodini, usiku, kwa waliozidiwa, miaka nenda rudi, kisha tunawashangaa watu wakiihusisha na kifo. Ni dawa ya hatua ya kwanza.

Hofu ya tatu ina punje ya ukweli, na hatutaificha. Watu husema steroidi inadumaza. Utafiti wa Marekani uliowafuatilia watoto waliovuta budesonide kwa miaka kadhaa hadi walipokuwa watu wazima ulikuta wamepungua urefu kwa wastani wa sentimita 1.2 kuliko wenzao. Sentimita moja na kitu. Pumu isiyotibiwa nayo inarudisha ukuaji nyuma, na inachukua usingizi, masomo na wakati mwingine mtoto mwenyewe. Mzazi apewe hesabu hiyo kamili, achague akijua. Tunaamini atachagua pampu. Tena steroidi hii inafika mapafuni kwa kiasi kidogo sana. Si sawa na vidonge vya prednisolone, ambavyo hupita mwili mzima. Na utando mweupe mdomoni, kero yake nyingine, unazuilika kwa kusukutua na kutema maji kila baada ya kuvuta.

Tukisema pampu tunamaanisha pampu pamoja na spesa. Spesa ni lile bomba la plastiki linalokaa kati ya pampu na mdomo. Mtoto hawezi kubonyeza na kuvuta kwa wakati mmoja. Watu wazima wengi nao hawawezi, ila hawakubali. Bila spesa dawa nyingi inagonga koo na kuishia hapo. Kwa spesa, unatikisa pampu, unabonyeza mara moja, mtoto anapumua taratibu pumzi tano au sita, unatikisa tena, unabonyeza tena. Mbonyezo mmoja kwa zamu, si kubonyeza mitatu kwa mpigo. Mtoto mdogo anahitaji yenye barakoa inayokaa vizuri puani na mdomoni.

Na kama spesa haipo dukani? Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya jaribio ambalo kila mganga mkuu wa wilaya angepaswa kulijua. Walichukua chupa za plastiki za nusu lita, zile tunazonywea maji na kuzitupa, wakatoboa kitako tundu lenye umbo la mdomo wa pampu, na kuwapa dawa watoto waliobanwa kwa pumu. Chupa ilifanya kazi sawasawa na spesa ya kiwandani. Kikombe cha plastiki nyepesi, ambacho nacho walikijaribu, hakikufua dafu, chupa ilifua. Iliyotengenezwa kwa ustadi, tundu likabana pampu bila kuvuja, ikaoshwa kwa sabuni ya vyombo na kuachwa ikauke yenyewe bila kufutwa, inatosha. Tuna uhaba wa mambo mengi katika nchi hizi. Chupa za plastiki hazimo.

Dawa nyingine tuzipitie haraka. Aminophylline ni ya babu zetu, ina undugu na kafeini ya kahawa (ndiyo maana kikombe cha kahawa chungu humsaidia kidogo mtu mzima aliyebanwa), na tatizo lake ni kwamba kiasi kinachosaidia na kiasi kinachodhuru vimekaribiana mno. Mtoto akizidishiwa anatapika, moyo unaenda vibaya, anaweza kupata degedege. Haipaswi kuwa dawa ya kununua dukani kwa kutaja umri wa mtoto. Prednisolone ya siku tatu hadi tano wakati wa shambulio kubwa huokoa maisha, lakini kurudi nayo dukani kila mwezi bila kupimwa ni kumharibu mtoto. Kuna pia montelukast, kidonge cha kutafuna ambacho wazazi wa mijini wanakipenda kwa kuwa si pampu. Wajue kwamba Machi 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliipa onyo la daraja la juu kabisa, kwa sababu ya ndoto mbaya, mabadiliko ya tabia na hata mawazo ya kujiua kwa baadhi ya watumiaji. Mtoto akibadilika ghafla akiwa anaitumia, rudini kwa daktari.

Si kila mluzi ni pumu, hasa chini ya miaka mitano. Punje ya karanga iliyopaliwa inatoa mluzi. Kifua kikuu kinakohoza. Hatumwambii mtu akanunue pampu ya kahawia kwa kusoma gazeti.

Wala dawa haitashindana na moshi. Jiko la kuni au mkaa ndani ya chumba cha kulala, dawa ya mbu ya kuchoma chini ya kitanda, sigara ya baba sebuleni: vyote vinachokoza njia za hewa. Kwa sisi wa Pwani ongezeni udi na ubani. Watafiti wa Oman, ambako bukhuri ni sehemu ya nyumba kama ilivyo Unguja na Mombasa, walikuta kwamba watoto wenye pumu wengi hubanwa inapofukizwa, ingawa haikuonekana kuwa ndiyo inayoleta pumu. Hatusemi muache udi. Semeni tu ufukizwe mtoto akiwa nje, madirisha wazi.

Suala la shule linatuudhi zaidi kuliko moshi. Shule za bweni zina utaratibu wa kukusanya dawa zote za wanafunzi na kuzifungia kwa matroni au patroni. Kwa vidonge vingi hilo ni sawa. Kwa pampu ya bluu ni hatari. Mtoto anabanwa saa nane za usiku, dawa yake imefungiwa jengo la pili na mwenye ufunguo amelala. Wizara za elimu ziandike waraka wa mstari mmoja: mwanafunzi mwenye pumu akae na pampu yake, mfukoni mchana na chini ya mto usiku. Na walimu wa michezo waache kuwaita wavivu watoto wanaosimama kushika magoti baada ya mzunguko mmoja wa uwanja.

Sasa serikali. Steroidi za kuvuta zimo katika orodha za taifa za dawa muhimu Tanzania na Kenya. Karatasi ipo. Bohari ya Dawa Tanzania na KEMSA kwa Kenya ziagize kwa wingi, kwa mkataba wa muda mrefu, maana ununuzi wa makopo machache hauna bei nzuri kokote duniani. Halmashauri na kaunti ziweke fungu, kwa sababu zisipoagiza, bohari haileti. Bima zilipie pampu na spesa kama zinavyolipia kulazwa. Mtoto mmoja kulala wodini siku tatu akiwa kwenye oksijeni kunakula fedha ambazo zingemnunulia dawa ya kuzuia kwa muda mrefu.

Tutaambiwa kwamba wananchi hawatazoea dawa ya kila siku kwa mtu asiyejisikia mgonjwa. Hoja hiyo haina miguu Afrika Mashariki. Zahanati za vijijini zinagawa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kwa majina na tarehe, na watu wanarudi. Kabla ya hapo kulikuwa na kifua kikuu: mpango wa taifa wa Tanzania ulioanza mwaka 1977 kwa msaada wa Karel Styblo ulionyesha kwamba dawa za miezi mingi zinaweza kusimamiwa hadi kijijini, na baadaye Shirika la Afya Duniani liliusambaza mtindo huo kote kwa jina la DOTS. Yaani dunia ilikuja kujifunza kwetu namna ya kumfikishia mgonjwa wa mapafu dawa ya kila siku. Rejesta tunazo. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii tunao. Kinachokosekana kwenye kabati ni kopo moja la kahawia.

Wazazi wasisubiri bohari. Mtoto akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, mbavu zikiingia ndani, midomo au ulimi ukigeuka rangi, au akianza kusinzia huku anahangaika kupumua, mkalishe wima, mpe pampu ya bluu kwa spesa, mbonyezo mmoja mmoja, huku mkiwa njiani kwenda hospitali. Msimlaze chali, na msianze kutafuta tangawizi.

Na leo hii, kabla ya usiku huo, fanyeni hesabu ndogo. Kopo la bluu lina mibonyezo 200. Kusanyeni makopo yote ambayo mtoto ameyamaliza ndani ya miezi 12. Yakifika matatu, pumu yake haijadhibitiwa na yuko hatarini, hata kama leo anacheza mpira. Yatieni makopo hayo kwenye mfuko, mpelekeni kwa daktari na kuyaweka mezani, kisha muulizeni dawa ya kuzuia iko wapi.